Whittington wa London: aliwakopesha wafalme watatu bila riba. Alikuwa anakula wapi?

#1 Kijana wa Mzizima

Wakuu, salaam.

Wengi tunamjua Dick Whittington wa hadithi ya watoto: yatima fukara, paka wake, kengele zinamwita arudi mjini, mwisho anakuwa meya wa London. Huyo tumweke pembeni kidogo. Nataka tumjadili aliyeishi kweli.

Richard Whittington alizaliwa miaka ya 1350 huko Pauntley, Gloucestershire. Baba yake, Sir William, alikuwa mwenye ardhi na alifariki mwaka 1358. Kwa desturi yao ardhi hurithiwa na kaka mkubwa, na Richard alikuwa mdogo, hivyo akaishia London kwenye biashara ya vitambaa. Msidhani ni vitambaa vya kila mtu. Ni hariri, bahameli, damaski, nguo zilizofumwa kwa nyuzi za dhahabu. Kati ya 1392 na 1394 tu aliuzia nyumba ya Mfalme Richard II mali ya takriban pauni 3,500.

Sasa hapa ndipo ninapokwama. Kuanzia 1388 hadi 1422 aliwakopesha wafalme karibu mara 60: Richard II, kisha Henry IV aliyempindua, kisha Henry V. Kanisa lilikataza riba, na hati za mikopo ile hazionyeshi riba yoyote. Mabenki ya Bardi na Peruzzi ya Florence yalimkopesha Edward III, mfalme aliyemtangulia Richard II, na miaka ya 1340 yote mawili yakaanguka. Huyu wetu alipofariki Machi 1423 aliacha takriban pauni 7,000, na mtu hakopeshi miaka 34 bila kupata kitu. Naomba maoni.

#2 Fundi Cherehani

Riba ilikuwepo, ila imefichwa. Unampa mtu 80, hati inaandikwa 100, mnapeana mikono. Kuhani akisoma karatasi haoni dhambi. Ulaya nzima walikuwa wanafanya hivyo. Uzi ufungwe.

#3 Dada wa Forodhani

@Fundi Cherehani uzi haufungwi kirahisi hivyo. Inawezekana kabisa, lakini kwa Whittington tuna njia iliyo wazi zaidi: sufu.

Sufu ndiyo ilikuwa dhahabu ya Uingereza. Kila mzigo uliotoka nje ulilipiwa ushuru, na ushuru ule ndio uliokuwa mfuko wa uhakika wa mfalme. Mfalme hana fedha taslimu, anamwambia mkopeshaji: deni lako jilipe kutoka kwenye ushuru. Whittington alipewa vibali vya kusafirisha sufu bila kulipa ushuru mpaka deni lake liishe. Mwenzake bandarini anasubiri, yeye mzigo wake umeshavuka bahari kwenda Calais, mji wa pwani ya Ufaransa uliokuwa mikononi mwa Waingereza.

Na kuna hili. Alikuwa mkusanya ushuru wa sufu katika bandari ya London, 1401 hadi 1403, halafu tena 1407 hadi 1410. Yaani mtu anayekudai ndiye anayeshika sanduku la fedha litakalomlipa. Juu ya hapo akawa meya wa soko la sufu la Waingereza kule Calais. Nimefanya kazi za kutoa mizigo bandarini kwa muda mrefu. Anayejua mzigo gani unatoka lini, na nani kalipa nini, huyo ana mtaji hata kama mfukoni hana senti.

#4 Mkariakoo

Nyote mnatafuta faida kwenye mkopo. Mimi nauza vitambaa, nitawaambia ilipo. Iko kwenye bei ya kitambaa.

Niliwahi kupeleka majora ya sare kwa taasisi moja. Mzigo ukapokelewa, karatasi zikagongwa mhuri, malipo yakawa njoo kesho. Niliteseka. Safari iliyofuata sikugoma kuuza. Nilipanga bei nikijua kabisa nitalipwa kwa kuchelewa, na wao wakakubali kwa sababu wengine walikuwa wamewakimbia.

Mfalme anayetaka nguo ya dhahabu ya harusi ya binti yake hana pa kwenda zaidi ya kwa yule aliye tayari kusubiri. Mkopo ni wa kumfunga mteja asihame. Whittington ndiye aliyeuza nguo za harusi za mabinti wa Henry IV, Blanche na Philippa. Hapo ndipo alipokuwa anakula.

#5 Mwalimu Mstaafu

Vijana, mmezungumza vizuri, ila mnaiacha siasa nje, na enzi zile huwezi kuitenganisha na biashara.

Mwaka 1392 Richard II aligombana na London. Mji ulimnyima mkopo. Akamwondoa meya, akaweka mtu wake, akauvua mji haki zake za kujitawala, na London ikalipa fedha nyingi kumtuliza. Whittington aliona kwa macho yake gharama ya kumnyima mfalme mkopo. Mwaka uliofuata akawa mjumbe wa baraza la wazee wa mji, na mwaka huo huo sherifu.

Juni 1397 meya Adam Bamme alifariki akiwa madarakani. Wananchi hawakupiga kura. Mfalme mwenyewe alimteua Whittington kushika nafasi. Oktoba wakazi wakamchagua rasmi.

Kwa hiyo mimi naona ile mikopo ilikuwa kodi ya amani. Ulikuwa unalipa ili uachwe ufanye kazi yako.

#6 Pwagu wa Tanga

Shikamoo Mwalimu. Kwa hiyo zile "mara tatu meya wa London" za kwenye hadithi ni kweli?

#7 Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Kuchaguliwa ni mara tatu: 1397, 1406 na 1419. Ukiongeza ile miezi ya kuteuliwa na mfalme, alikaa kwenye kiti mara nne. Hadithi imehesabu kura tu.

#8 Msomaji Sugu

Hamjataja jambo kubwa kuliko yote. Henry V aliporudi kutoka Ufaransa na ushindi, Whittington alimwandalia karamu, akazitupa motoni hati zote za madeni ya mfalme, pauni 60,000, mbele ya wageni. Mtu wa hivyo hakopeshi kwa faida. Ni uzalendo tu.

#9 Dada wa Forodhani

@Msomaji Sugu karamu hiyo ni hadithi ya baadaye, haimo katika kumbukumbu za wakati wake. Na kiasi chenyewe hakikubali. Kodi kamili ya bunge, iliyotozwa nchi nzima, ilikuwa inaingiza takriban pauni 37,000. Mtu mmoja aunguze karibu kodi mbili za taifa kwa usiku mmoja, halafu kesho yake afungue duka?

Vita alivichangia kweli. Alikopesha fedha za kuizingira Harfleur, mji wa bandari wa Ufaransa, mwaka 1415. Lakini alitaka kulipwa, na alilipwa.

#10 Msomaji Sugu

Basi nieleze kwa nini Richard II alipoondolewa mwaka 1399 akiwa anadaiwa pauni 1,000 na Whittington, huyu bwana hakuanguka naye. Marafiki wengine wa Richard walikatwa vichwa.

#11 Mkariakoo

Kwa sababu mfalme mpya naye alihitaji nguo na fedha! Henry IV alimwingiza kwenye baraza lake mwaka huo huo wa 1399. Mteja amebadilika, duka ni lile lile.

#12 Nahodha wa Tumbatu

Assalaam alaykum. Nimesoma kimya tangu mwanzo, lakini paka mmemfukuza mapema mno. Huyo paka katoka wapi?

#13 Bint Maskati

Waalaykum salaam nahodha. Paka huyo nadhani katoka huku kwetu Ghuba, na ninaposema hivi simaanishi mzaha.

Waingereza hawana hadithi hiyo kwa maandishi kabla ya 1605, ilipotajwa tamthilia yake. Hiyo ni zaidi ya miaka 180 baada ya Whittington kuzikwa. Lakini Wassaf, mwanahistoria wa Shiraz, aliandika mwanzoni mwa miaka ya 1300, Whittington hajazaliwa bado, kisa cha mjane wa Siraf, bandari ya zamani ya Uajemi. Mabaharia walikuwa na desturi ya kumwomba maskini kitu chochote akiweke chomboni, safari ipate baraka ya dua zake. Mjane hakuwa na kitu ila paka. Jahazi likafika India, nyumba ya mfalme imejaa panya, wanakimbia juu ya sinia za chakula. Paka akafunguliwa. Jahazi likarudi na mali ya mjane yule, na wanawe ndio wanaotajwa kuwa mwanzo wa utawala wa kisiwa cha Qais, humo humo Ghuba.

Ukikilinganisha na kile cha Waingereza, unakuta mifupa ni ile ile: maskini, paka, chombo cha mtu mwingine, mfalme mwenye panya.

#14 Nahodha wa Tumbatu

Siraf! Manahodha wa Siraf walikuwa wanashuka mpaka pwani ya Zanj, yaani huku kwetu Afrika Mashariki, msafiri Mwarabu al-Masudi anawataja katika karne ya 10. Kwa hiyo kisa hicho kingeweza kufika hata huku kabla hakijafika London. Na huku tunacho kisa cha Sultani Darai. Maskini Hamdani ananunua paa kwa kisarafu alichookota jaani, paa anampatia mke, nyumba na utajiri. Bibi yangu alikuwa akikisimulia, tukifika pale Hamdani anapomtupa paa mgonjwa tunalia.

#15 Bint Maskati

Kizuri, ila si jamaa wa damu. Paa wa Hamdani anasema, anapanga hila, anamdanganya sultani. Paka wa Siraf na paka wa Whittington hawasemi neno. Kazi yao ni kukamata panya, basi. Utajiri unatoka kwenye tofauti ya mahali: huku paka hana bei, kule anapimwa kwa dhahabu. Hiyo ni hadithi iliyotungwa na wafanyabiashara. Ndiyo maana ikamwangukia mfanyabiashara.

#16 Fundi Cherehani

Wengine wanasema paka ni aina ya meli za makaa za kaskazini mwa Uingereza, ziliitwa jina hilo hilo.

#17 Dada wa Forodhani

Whittington na makaa wapi na wapi? Alikuwa na vitambaa na sufu. Hiyo sinunui.

#18 Mmatumbi wa Leicester

Niko huku Uingereza, niongeze mawili matatu.

Kuna picha ya kuchongwa ya Whittington, kazi ya Renold Elstrack. Mwanzoni mkono wake ulikuwa umewekwa juu ya fuvu la kichwa, kama wakubwa wa zamani walivyopenda kuchorwa wakikumbuka kifo. Wanunuzi wakamtaka paka. Fuvu likafutwa, akachorwa paka chini ya vidole vile vile. Ukitazama picha ile unaona mkono umekaa vibaya kidogo kwa mtu anayempapasa mnyama.

La pili, kanisa alilozikwa, St Michael Paternoster Royal. Nyumba aliyoinunua mwaka 1402 ilikuwa jirani yake. Mwaka 1949 walichimba kutafuta kaburi lake wasilipate. Walichopata ni paka aliyekauka! Watu wakafurahi sana, lakini kanisa liliungua katika moto mkubwa wa 1666 likajengwa upya, na paka huyo anadhaniwa ni wa wakati wa ujenzi ule.

#19 Pwagu wa Tanga

Paka alijua atatafutwa 😂

#20 Bwana Afya

Wakuu, mimi ni afisa afya wa halmashauri, na kwangu mambo yote haya ya wafalme na paka ni madogo. Niongelee choo.

Whittington alijenga choo cha umma pembeni ya mto Thames, mtaa wa Vintry. Viti 128. Safu mbili ndefu, 64 za wanaume na 64 za wanawake. Chini yake kulikuwa na mfereji, na Thames pale London hujaa na kupwa kama bahari. Maji yakijaa yanaingia mferejini, yakipwa yanaondoka na kila kitu. Juu ya vyoo kulikuwa na vyumba vya kukaa maskini.

Tafakarini hesabu ile. Mwanzoni mwa miaka ya 1400, mtu anatenga viti vya wanawake sawasawa na vya wanaume. Mimi nimeandika maandiko ya miradi ya vyoo vya masoko, na jambo linalokatwa kwanza kwenye bajeti ni upande wa wanawake, wakati wauzaji sokoni wengi ni wao. Nikisoma habari za Whittington huwa naona kuna mtu alikaa akafikiri nani anatumia mji.

Fedha alizoacha zilikarabati pia hospitali ya St Bartholomew. Na katika hospitali ya St Thomas, ng'ambo ya mto huko Southwark, aliweka chumba cha vitanda 8 kwa wasichana waliopata ujauzito nje ya ndoa, kwa sharti kwamba yanayotendeka mle yabaki siri, isije ikawaharibia ndoa zao baadaye. Siri ya mgonjwa, wakuu, miaka 600 iliyopita.

#21 Mama Nia

Asante Bwana Afya. Hicho chumba kimenigusa kuliko pauni zote zilizotajwa hapa. Mtoa mada ameuliza alikula wapi, hakuuliza alilisha nani.

#22 Mpinga Wengi

Tumsifu, lakini tusimfanye malaika. Waulizeni watengeneza bia wa London.

Chama chao kilikuwa na karani, William Porland, aliyeandika kila kitu. Mwaka 1422 Whittington hakuwa hata meya, meya alikuwa Robert Chichele, lakini alisimama kuwashtaki kwamba wananunua kimea mapema mashambani ili kupandisha bei. Wakapigwa faini ya pauni 20. Baadaye meya mwenyewe akawatuliza faraghani kwamba yale yamefanyika kumridhisha Whittington tu. Na karani ameandika walichokiona wao kuwa chanzo cha hasira: kwenye karamu yao walikuwa na bata maji wanono.

Hebu muwaone wale watu. Wamekaa mezani, bata maji wameletwa wameiva, ndege wa meza za wakubwa, na mzee mmoja tajiri anachukia kwa sababu watengeneza bia wanakula kama yeye.

#23 Mwalimu Mstaafu

Hayo ameyaandika karani wa upande ulioshtakiwa, Mpinga Wengi. Bei ya bia ilikuwa jambo la maskini kila siku, na huenda kimea walikinunua kweli. Ukitaka kumpima akiwa kazini tazama gereza la Ludgate. Juni 1419, chini ya meya William Sevenoke, lilifungwa na wafungwa wa madeni wakahamishiwa Newgate, ambako hali ilikuwa mbaya na wengi walikufa. Whittington akaingia umeya Oktoba. Novemba Ludgate ikafunguliwa tena. Alipofariki, fedha zake zilijenga upya Newgate yenyewe.

#24 Mpinga Wengi

Mwalimu, mkopeshaji kuwaonea huruma wafungwa wa madeni ni jambo jema, sikatai. Lakini mwaka 1421 alikaa kwenye jopo la kusikiliza kesi za riba. Mtu mwenye mikopo karibu 60 ndiye anayeamua nani kala riba. Hapo ndipo mnapaswa kukaza macho.

#25 Kijana wa Mzizima

Hilo la 1421 ni zito. Ama jamii yake iliamini kweli hakuwahi kutoza riba, ama hakuna aliyethubutu kuuliza. Na njia ya Dada wa Forodhani inaruhusu yote mawili, maana ukipewa kibali cha sufu hakuna atakayeiita riba.

#26 Mama Nia

Kuna kitu hamjakigusa. Mke wake, Alice Fitzwaryn, binti wa Sir Ivo Fitzwaryn. Hawakupata watoto. Alice alipougua, mwaka 1409 kilipatikana kibali cha mfalme cha kumleta daktari Myahudi kutoka Ufaransa, Samson wa Mirabeau, wakati Wayahudi walikuwa wamefukuzwa Uingereza tangu 1290. Hakupona, na mume hakuoa tena.

Wafanyabiashara wenzake walinunua mashamba ili watoto wao wawe mabwana. Yeye hakujaza ardhi, fedha zake zilibaki zinazunguka. Ndiyo maana alikuwa na cha kukopesha kila alipoombwa, na ndiyo maana wasimamizi wa wosia wake, akina John Carpenter karani wa mji, walikuta mali inayogawika: nyumba ya wazee maskini 13, chuo cha mapadri, maktaba ya Guildhall, jengo la serikali ya mji. Ile nyumba ya wazee ipo hadi leo, imehamishwa nje ya London, inasimamiwa na chama cha wauza vitambaa alichokuwa mwanachama wake.

#27 Mkariakoo

Mama Nia, heshima kwako, ila kutokuwa na watoto hakuelezi alipataje. Kunaeleza alitumiaje.

#28 Pwagu wa Tanga

Mkariakoo wewe kila uzi lazima ufike kwenye ile bili yako ya sare. Ulilipwa au hukulipwa?

#29 Mkariakoo

Nililipwa, na bado nawauzia. Ndiyo hoja yangu.

#30 Mmatumbi wa Leicester

Nimekumbuka kingine kinachomhusu @Mwalimu Mstaafu na kodi yake ya amani. Katika kanuni za nyumba ile ya wazee wameorodheshwa watu wa kuombewa kila siku. Richard na Alice, wazazi wao, halafu Mfalme Richard II na Thomas wa Woodstock, mtawala (duke) wa Gloucester na ami wa mfalme huyo, wakitajwa kuwa mabwana waliomwinua. Thomas huyo alikamatwa na kuuawa mwaka 1397 kwa amri ya Richard. Mwaka ule ule Whittington alioteuliwa meya.

#31 Mwalimu Mstaafu

Nilikuwa silijui hilo, asante sana kijana. Richard alikuwa amekufa kifungoni tangu 1400, na ukoo uliompindua ndio uliokuwa unatawala. Kumweka kwenye maombi ya kila siku hakukuwa na faida yoyote ya kibiashara.

#32 Mpinga Wengi

Au alikuwa anamwombea aliyeua na aliyeuawa kwa sababu alikuwa amewauzia wote wawili.

#33 Dada wa Forodhani

Mpinga Wengi, aliwauzia wengi sana, akina Robert de Vere, mwandani wa Richard II, pia walikuwa wateja wake, na hawamo kwenye orodha hiyo. Wamo wawili tu. Mwenye kujua kwa nini Thomas wa Woodstock atuwekee hapa, mimi nitarudi jioni nikimaliza mizigo.